Redio Iliyomnyamazia Adela

Niliondoka Mwanza kwenda Kigali kumkamata mwizi. Nalisema hili mapema ili mtu asidhani nilikwenda kutalii, maana majirani zangu wa Mabatini wanaamini fundi redio akipanda basi la nje ya nchi basi amekwenda kula maisha. Mwizi mwenyewe nilikuwa sijawahi kumtia machoni. Nilikuwa nimemhukumu kwa simu tu, nikiwa nimekaa kwenye kibanda changu, chai mkononi, na ninakiri kwamba hukumu ile ilinipendeza.

Kisa chenyewe kilianza hivi. Mdogo wangu Adela ameolewa Rwanda. Mumewe, Faustini, ni Mnyarwanda aliyekulia Karagwe, mpima ardhi kwa kazi, na Kiswahili chake kinanipita mimi Msukuma. Krismasi ya mwaka juzi walikuja Mwanza na gari lao, nami nikawafungia muziki: redio mpya, spika nne za milangoni, na amplifaya ya kuzipa nguvu. Ilikuwa zawadi yangu ya harusi, imechelewa kidogo. Nimefunga muziki kwenye magari kwa miaka ishirini na mbili. Sipendi kujisifu, lakini nikiwa nimebanwa najisifu.

Miezi minne kabla ya safari hiyo Adela akapiga simu. "Kaka Masalu, redio imenyamaza." Taa zinawaka, jina la stesheni linaonekana, sauti hakuna. Nikamwambia aipeleke kwa fundi wa karibu. Akaipeleka kwa Deo, mwenye duka dogo Kabeza, mtaa ambao Adela na mumewe walikuwa wamepanga kabla ya kujenga kwao Gahanga. Deo akaingia ndani ya gari, akabonyeza, redio ikaimba. Adela akashukuru akaondoka. Kabla hajafika hata barabara ya uwanja wa ndege, kimya. Akarudi. Deo akaingia, ikaimba. Akaondoka, kimya. Mchezo huo ulikwenda mara tatu, na mara ya tatu Deo akafungua amplifaya, akaikagua, akaifunga, akakuna kichwa. Halafu akasema neno ambalo mdogo wangu hakulisahau: "Mama, hii redio ikikuona wewe, inanyamaza."

Adela alinipigia kwa hasira. Amechekwa. Amefanywa mjinga, na kwenye nchi ya watu. Nami kaka mtu, kwa uchungu na kwa kujua kwangu kwingi, nikatoa hukumu: "Huyo amekunyofolea vifaa vya ndani akapachika vibovu. Vikiwa baridi vinashika, vikipata moto vinaachia. Ni mwizi." Adela akalibeba neno "mwizi" mpaka kwenye saluni aliyokuwa akisukwa Kabeza, na saluni ukishaiambia huna haja ya kutangaza redioni.

Faustini ndiye aliyenieleza kilichofuata, kwa upole wake ule wa kuchoma. "Shemeji, watu wameanza kupita mlangoni kwa Deo bila kugeuka. Siku hizi anakaa nje anapanga spana zake kwa ukubwa. Sasa kama ni mwizi, uje uthibitishe. Kama siye, uje pia." Akaongeza, kama anayeniambia habari za hali ya hewa, kwamba yeye akiendesha gari lile redio inaimba kila siku, na kwamba akimwambia hivyo mkewe analala njaa.

Saa kumi na mbili asubuhi, Mwanza. Nilipanda basi nikiwa na begi moja la nguo na moja la ushahidi: mita ya kupimia umeme, chuma cha kulehemu, bisibisi za kila namna, na amplifaya mpya, ndugu wa ile niliyomfungia Adela. Nia yangu ilikuwa kuzifungua zote mbili mbele ya mashahidi na kuonyesha kifaa kwa kifaa kilichoibiwa. Njia nzima ya Geita nilikuwa nafanya mazoezi ya hotuba. Abiria wa pembeni yangu, mama mmoja aliyekuwa akienda kuuza dagaa Ngara, aliniuliza mara mbili kama nasali.

Mchana, Rusumo. Hapa ndipo Tanzania inapoishia na mto unanguruma chini ya daraja. Upande wa Rwanda walifungua mabegi yetu wakitafuta mifuko ya nailoni. Mimi nilikuwa nimeizungushia amplifaya yangu nailoni tabaka tatu, kama kichanga kwenye baridi. Askari akaitoa yote kwa adabu kubwa, akaikunja, akaiweka kwenye pipa, akanirudishia amplifaya ikiwa uchi. Nikaivalisha shati langu la Jumapili. Kisha nikaambiwa nirudishe saa yangu nyuma kwa saa moja, na nilipotaka kuvuka barabara nikatazama upande niliozoea, nikapiga hatua, na lori likanipigia honi ambayo mpaka leo naisikia. Rwanda wanaendesha upande wa kulia. Nilikuwa nalijua hilo siku zote, ila kichwani tu, miguu yangu ilikuwa haijaambiwa.

Jioni, Kigali. Basi lilinishusha Remera nikachukua pikipiki mpaka Sonatubes, ambako Faustini alisema atanipokea akitoka kazini. Dereva alinipa kofia ngumu inayobana mpaka fikra, nikaivaa bila kubisha kwa sababu kila mtu alikuwa ameivaa. Sonatubes ni njia panda yenye magari mengi na maduka mengi, na ajabu yake ni kwamba kila mtu anasubiri taa. Nilisimama pale nikiwa nimekumbatia shati langu la Jumapili, na gari likaja polepole likasimama mbele yangu. Nililisikia kabla sijaliona. Spika nne zilikuwa zinaimba kwaya, safi, besi imetulia, kila sauti mahali pake.

"Karibu, shemeji," Faustini akasema kutoka dirishani. "Hii ndiyo redio iliyokufa."

Niliingia nikakaa. Tulipita Kicukiro kuelekea Gahanga, Faustini akiendesha kwa mwendo wa kubeba mayai kwa sababu ya kamera za barabarani, na njia nzima kwaya haikukatika hata mara moja. Nikamwambia hii ni dalili mbaya sana, kwamba vifaa feki ndivyo vinavyodanganya hivyo. Akaitikia, "Ehe," kwa namna ambayo watu wa Karagwe huitikia wakiwa hawakubaliani na wewe lakini wewe ni mgeni wao.

Gahanga, usiku wa kwanza. Nyumba yao ni mpya, bado inanukia rangi, na ng'ambo ya uzio kuna shamba la maharage la jirani. Adela alinikumbatia, akanipa maji ya kunawa, na kabla sijameza tonge la kwanza akauliza, "Umemsikia Faustini akisema redio inaimba?"

"Nimeisikia redio yenyewe," nikasema.

Akaweka kijiko chini. "Na wewe pia?"

Hapo nikaelewa kwamba ndani ya nyumba ile kulikuwa na kesi ya pili. Mke anasema haiimbi, mume anasema inaimba, na kila mmoja anaamini mwenzake anamfanyia dhihaka. Faustini alijaribu kutania. Alisema labda redio imezoea Kikaragwe. Adela hakucheka, nami nikainamia ugali wangu kwa heshima zote.

Ijumaa asubuhi. Adela alitaka nijionee mwenyewe. Akaingia garini, akavuta kiti mbele mpaka kifua kikakaribia usukani, maana mdogo wangu kimo alimwachia mama, akawasha. Taa zikawaka. Jina la stesheni likatokea. Sauti hakuna. Akanigeukia, na machozi yalikuwa karibu. "Unaona? Mimi ni mwongo?"

"Wewe si mwongo," nikamwambia. Na nilikuwa na furaha kubwa moyoni, Mungu anisamehe, kwa sababu mwizi wangu alikuwa bado mwizi.

Alipoingia ndani kupika chai nilitoa amplifaya ya zamani chini ya kiti, nikaiweka kwenye meza ya barazani karibu na ile mpya, nikazifungua zote mbili. Nilikagua kifaa kwa kifaa, nikitumia miwani na tochi. Nilikagua mara ya pili. Hakuna kilichobadilishwa. Hata alama ndogo ya wino ninayoiweka mimi kwenye kila kazi yangu, pembeni ya kipande cha shaba, ilikuwepo. Deo alikuwa ameifungua, ameitazama, ameifunga, na kila skrubu ameirudisha kwenye tundu lake. Mimi mwenyewe huwa nabakiza moja.

Hotuba yangu ya Geita nzima ilikuwa imekufa. Lakini ubishi wa fundi haufi haraka, nikajiambia kama si kifaa basi ni waya, na kama ni waya basi Deo ameulegeza alipokuwa akifungua.

Nikairudisha amplifaya mahali pake, nikawasha redio, nikachukua mita. Amplifaya inapata umeme kwa waya mwekundu kutoka kwenye betri, na umeme huo unatakiwa kurudi kwa waya mweusi unaofungwa kwenye bodi ya gari. Huo mweusi sisi Mwanza tunauita eathi. Eathi ikikatika, redio itawasha taa zake zote kwa maringo na spika hazitasema neno. Nikapima. Sifuri. Nikaingia kwenye kiti cha dereva ili niinamie vizuri, goti likagonga usukani, nikasukuma kiti nyuma. Spika nne zikalipuka kwa tangazo la unga wa sembe.

Sikuruka peke yangu. Kuku wa jirani nao waliruka.

Nikavuta kiti mbele. Kimya. Nikasukuma nyuma. Sembe. Nikapima: nyuma, volti kumi na mbili. Mbele, sifuri. Nikashuka, nikapiga magoti, nikamulika tochi chini ya kiti, na pale nikaiona kazi ya mikono yangu. Waya mweusi ulikuwa umepita juu ya reli ya kiti na kufungwa kwenye bolti yake. Kiti kilikuwa kimeutafuna kwa karibu miaka miwili, mbele nyuma, mbele nyuma, mpaka nyuzi za ndani zikakatika huku gamba la nje likiwa zima. Kiti kikiwa nyuma nyuzi zinagusana. Kikivutwa mbele zinaachana.

Kwa miaka ishirini na mbili nimefunga amplifaya chini ya kiti cha kushoto. Magari yetu usukani uko kulia, na kiti cha kushoto ni cha abiria, hakuna anayekisogeza. Gari la Adela usukani uko kushoto. Siku ile ya Krismasi mikono yangu ilikwenda kushoto yenyewe, na mimi nikaifuata huku nikipiga stori. Nimeweka waya chini ya kiti cha dereva, kwenye nyumba ya mume mrefu na mke mfupi, wanaokisogeza kiti kila wakibadilishana. Faustini akiendesha, kiti kiko nyuma. Deo, nilikuja kumwona baadaye, ni mrefu kumpita Faustini. Kila alipoingia kukagua alikuwa anasukuma kiti nyuma ili aenee, na redio inaimba. Adela akiingia anakirudisha mbele, na redio inanyamaza. Deo alikuwa amesema kweli tupu. Redio ile ilikuwa ikimwona Adela inanyamaza.

Nyani haoni kundule. Nilikaa chini kwenye saruji, mgongo kwenye tairi, nikaona aibu. Na nitasema yote: nikawaza pia kwamba niko peke yangu. Waya ule ningeweza kuukata, kuuunga, kuupitisha pengine, dakika kumi, na kusema lolote nitakalo. Deo angebaki mwizi, mimi ningebaki bingwa, na Adela angepata muziki wake. Niliwaza hivyo kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri.

Adela akaja na chai. Nikamwambia akae kwenye kiti. Nikamwonyesha: mbele, nyuma, mbele, nyuma. Alicheka kwanza, akacheka sana, akasema jioni Faustini atamwomba radhi na yeye atamwomba radhi na hakuna atakayejua nani aanze. Halafu kicheko kikaisha.

"Kaka," akasema. "Nilisema saluni."

"Najua."

"Nilisema na kanisani, huko huko Kabeza."

Hilo nilikuwa silijui.

Jumamosi, Kabeza. Jumamosi ile ilikuwa ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, kazi za mikono za mtaa. Kuanzia saa mbili mpaka saa tano asubuhi maduka yanafungwa, magari hayatembei, na kila mtu anatoka na jembe au panga au fagio. Kazi ikiisha watu wanakaa kwenye nyasi kwa mkutano, na wageni wanajitambulisha. Umuganda wa Adela ulikuwa Gahanga, lakini neno lilikuwa limesemwa Kabeza. Tuliondoka saa moja asubuhi, kabla barabara hazijafungwa. Njiani Adela aliendesha, redio kimya, maana nilikuwa nimeuacha waya jinsi nilivyoukuta. Nilitaka mwenye kushtakiwa auone.

Watu walikuwa wanazibua mfereji. Adela akanionyesha Deo kwa macho. Mtu mrefu, kofia ya sufi, anachimba bila haraka. Alimwona Adela, akainamisha kichwa kidogo kama salamu, akaendelea na jembe lake. Nikaazima jembe nikashuka kwenye mfereji karibu naye. Tulichimba kama dakika tano.

"Wewe njo fundi ya Mwanza?" akauliza, bila kuniangalia.

"Ndiye."

"Walisema utakuja kunikamata."

"Nilikuja kukukamata."

"Sasa?"

"Sasa nachimba."

Akacheka kwa pua. Nikamwambia yote pale pale, mfereji ukiwa katikati yetu. Amplifaya haijaguswa. Kosa ni la waya mweusi, na waya niliufunga mimi. Nilidhani atakasirika. Jembe lake lilisimama, na swali lake la kwanza lilikuwa la fundi.

"Waya mweusi ya wapi? Masi?"

Masi ndiyo eathi kwao, Kifaransa hicho. "Masi," nikakubali. "Niliifunga kwa bolti ya kiti."

"Kiti ya dereva?"

"Ya dereva."

Akanitazama kwa mara ya kwanza, kwa huruma kabisa. "Bwana fundi. Masi haifungwi kwa kiti."

"Nimejua jana."

"Mimi nilitafuta kwa amplifaya, nikatafuta kwa redio, sikuona kitu. Niliona tu ni yeye akikaa. Lakini juu ya nini inanyamaza, sikujua. Chini ya kiti nilitoa tu amplifaya, waya sikuifuata." Akatikisa kichwa. "Nilimwambia mama vile niliona. Yeye akafikiri niko namucheka."

Saa tano, mkutano. Tulikaa kwenye nyasi. Kiongozi wa mtaa, mama mwenye sauti ya kuendesha darasa, alisema ya mifereji na ya bima ya afya, kisha akauliza kama kuna wageni. Nikasimama. Akauliza nani atanitafsiria kwa Kinyarwanda, na vidole vyote vikamwelekea Deo, kwa sababu alikulia Bujumbura na Kiswahili chake mtaa mzima unakiamini. Deo akatazama kulia na kushoto. Akasimama kando yangu, mikono nyuma.

Nikasema kila kitu. Naitwa Masalu, fundi wa Mwanza. Nilifunga waya vibaya kwenye gari la mdogo wangu. Halafu nikakaa mbali, gari sijaliona, mtu simjui, nikasema Deo ni mwizi. Neno hilo ni la uongo, limetoka mdomoni kwangu, na ninaliomba radhi. Waliojua Kiswahili, na hawakukosekana, waliangaliana. Wengi walisubiri tafsiri.

Deo akatafsiri. Ilikuwa fupi. Watu wakacheka kidogo, cheko la kirafiki, wakanipigia makofi. Mama kiongozi akanipa mkono. Nikakaa chini nimejaa amani, nikidhani nimelitua zigo.

Adela hakupiga makofi. Anajua Kinyarwanda cha sokoni, na anakionea aibu, tangu siku moja muuza nyanya alipomcheka. Akaniinamia sikioni. "Hajalisema."

"Hajasema nini?"

"Amesema wewe ni fundi, ulikosea waya, umekuja kurekebisha, na unawasalimu. Neno lenyewe hajalisema."

Sikuelewa. Mbele yetu, kwenye mstari wa kwanza, alikaa mwenye saluni, ambaye Kiswahili chake kinaishia kwenye bei za nywele. Alikuwa anatabasamu kwa adabu, hana habari. Adela akamtazama. Akavuta kanga yake, akasimama.

Alizungumza kwa Kinyarwanda kilichovunjika vipande, kila neno akilitafuta. Mengine sikuyashika. Haya niliyashika, kwa sababu aliyasema polepole na kwa sauti: "Deo, umujura oya. Ni njye wabivuze. Mumbabarire." Deo si mwizi. Mimi ndiye niliyesema. Mnisamehe. Hakuna aliyecheka. Mwenye saluni tabasamu lilimtoka, akamgeukia Deo, na mkono akauweka mdomoni. Deo alikuwa anatazama kofia yake ya sufi, ameivua, anaikunja na kuikunjua.

Mchana, dukani kwa Deo. Maduka yalipofunguliwa tulilipeleka gari. Deo alilala chini ya kiti akautazama waya wangu kwa muda mrefu, akautoa, akakwaruza rangi mahali pengine kabisa, kwenye bodi, akaweka bolti mpya. Mimi nilishika tochi. Alipomaliza akamwita Adela akae, avute kiti mbele kabisa, awashe. Spika nne zikaimba. Adela akaegemeza kichwa kwenye usukani.

Tulipobaki wawili nilimuuliza kwa nini hakulitafsiri lile neno, ilhali ndilo nililosafiri nalo.

Akafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. "Wewe basi yako iko kesho," akasema. "Mimi na mama tunabaki. Kitu alisema yeye, wewe ukiiomba radhi, kesho unaondoka nayo. Yeye akiisema, inabaki hapa."

"Na kama asingesimama?"

"Ningebaki vile nilikuwa," akasema, akarudisha spana kwenye mstari wake.

Jumapili, njia ya kurudi. Adela alinipeleka Remera, kiti mbele, muziki juu. Kabla sijashuka akaipunguza sauti mwenyewe akaniuliza kama Kinyarwanda chake kilikuwa kibovu sana. Nikamwambia mimi nilikielewa, na mimi sijui Kinyarwanda. Amplifaya mpya nilikuwa nimeiacha dukani kwa Deo, ndani ya shati la Jumapili. Aliikataa mara mbili. Shati akasema ni zuri.

Mabatini walinisubiri kwa hamu. Wakauliza kama mwizi nimemkamata, nikawaeleza mambo yote kama yalivyokuwa. Wateja wangu wamepata la kunitania: nikilala chini ya gari wanauliza kiti cha dereva kiko upande gani. Nawaacha waseme. Jambo nililojifunza ni dogo: mtu akinipigia simu kunieleza ubaya wa fundi asiyekuwepo, namwambia alilete gari nilione, na kama haliwezi kuja, basi mimi sina neno. Wengi wanakata simu wakiwa wamenuna.

Faustini ananipa habari za huko. Mwenye saluni alikuwa wa kwanza kumpelekea Deo gari, la kaka yake. Wengine wakafuata. Lakini si wote, shemeji, ananiambia. Wapo wachache bado wanapita mlangoni bila kugeuka, kwa sababu siku ile hawakuwa mkutanoni. Kwa hiyo kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi Adela anawahi barabara kabla haijafungwa, anatoka Gahanga mpaka Kabeza, anazibua mfereji usio wake, na mkutano ukifika anasimama tena anasema yale yale. Deo amemwambia imetosha. Amemjibu kwamba hajamaliza. Na Kinyarwanda chake, anasema Faustini, sasa kimenyooka.